Mwembe wa Bibi na Baa ya Inchi 36

Mwembe wa bibi ulianguka usiku wa manane, katikati ya masika, na alhamdulillahi haukuua mtu. Ulichukua banda la kuku na pembe ya ukuta wa choo, ukalala kichwa kimeelekea bondeni. Kulipopambazuka uwanja ulishajaa watu, kila mmoja na rai yake. Huyu anasema kuni, yule mkaa, wa tatu anamjua mtu Wete mwenye tanuri la mikate. Bibi alikaa barazani, kanga begani, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Usichomwe." Akainuka, akaingia ndani.

Macho yote yakanigeukia mimi, maana mwenye msumeno wa moto, ule wa injini na cheni, pale kijijini ni mimi.

Kusema kweli nilikuwa na kitu kinachofanana na msumeno wa moto. Nilikinunua mwaka mmoja nyuma, duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Kibandiko kimeandikwa cc 58 (ndio ukubwa wa injini), baa ya inchi 22, na bei ya kuchekesha. Kwa kukatia mikarafuu iliyokufa na minazi iliyolala njiani kilinitosha, na nilijiona fundi. Kupasua mbao ni kazi nyingine, na hilo nilikuja kulijua kwa kuunguza pistoni.

Ilitokea kwenye mkato wa tatu. Nilishapata kibali cha misitu (nitakirudia), nimeshafunga kifremu cha kuuongoza msumeno nilichokiunga mwenyewe, na ami yangu amesimama pembeni na kabari mkononi. Msumeno ulikuwa unalia vizuri, mzito. Ghafla sauti ikapanda, ikawa nyembamba na kali kama mbu aliyeingia sikioni. Mimi nikafurahi, nikadhani umepata nguvu. Ikakatika. Nikavuta kamba, haivutiki. Jioni nikaufungua ekzosi na kuchungulia tunduni kwa tochi ya simu: ubavu wa pistoni umejaa michirizi ya wima, utadhani paka kaukwaruza. Ami aliangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Baba yangu alipasua mbao miaka arubaini, mwanangu. Msumeno wake haukuungua hata siku moja."

Hakukosea. Babu alikuwa mpasuaji wa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni akila unga wa mbao tangu asubuhi. Msumeno wenyewe bado umetundikwa ukutani kwa ami, meno yake yamelika mpaka yamekuwa mafupi kama ya mzee. Ukiyatazama kwa karibu utaona jambo ambalo mimi sikulijua siku ile: hayana umbo la meno ya msumeno wa kukatia magogo. Yamenolewa yakabiliane na mti moja kwa moja, kama patasi, kwa sababu kupasua kwa urefu ni kupambana na nyuzi za mti zikiwa zimesimama wima mbele ya jino. Ukikata tawi, jino linakata uzi ubavuni na uzi unakatika. Ukipasua gogo kwa urefu, jino linakutana na vichwa vya nyuzi, maelfu kwa maelfu, kwa dakika kumi mfululizo, injini imefunguliwa mwisho na haipati hata nafasi ya kupumua. Ndiyo maana msumeno uliokata minazi thelathini bila kulalamika ulikufa kwenye mkato wa tatu wa mwembe.

Tangu hapo vijana huniuliza: ninunue msumeno gani? Nami huwajibu kwa swali: gogo lako lina upana gani? Wengi hawana jibu. Wameshaona picha ya msumeno, wameshauliza bei, wengine wameshatuma pesa Dar, lakini futi kamba hawajaitia kwenye gogo.

Mwembe wa bibi ulikuwa na sentimita 84 kwenye kitako na 61 chini ya panda, urefu wa shina mita tatu na nusu. Nambari hizo tatu ndizo zilizonichagulia kila kitu kilichofuata.

Tuanze na baa, lile bapa la chuma ambalo cheni inalizunguka. (Ni baa ya msumeno ninayoiandika hapa, si baa la dunia, ingawa siku ile sikuona tofauti.) Mtu akisikia baa ya inchi 36 hudhani atapasua ubao wa inchi 36. Hapati. Ili upasue ubao ulionyooka unahitaji fremu inayoubana msumeno na kuteleza juu ya gogo. Maarufu duniani ni ile inayoitwa Alaskan mill, na mafundi wetu wa kuchomelea wanaiga vizuri tu kwa mabomba ya mraba. Fremu hiyo inaibana baa upande wa injini na upande wa ncha, na kwa kubana huko unapoteza kati ya inchi 4 na 6. Baa ya inchi 36 inakupa upana wa inchi 31 hivi, kama sentimita 79. Gogo langu lilikuwa 84. Hesabu imekataa kabla hata sijawasha.

Je, ninunue ya inchi 42? Hapo ndipo injini inapoingia, na ndipo watu wanapojidanganya. Kila inchi ya baa iliyozama ndani ya mti ni meno zaidi yanayovutwa na injini ileile. Kipimo kinachokubalika na wengi wa kazi hii ni kama hivi: kwa baa ya inchi 20 hadi 24, injini ya cc 60 hadi 70 itakwenda ukiwa na subira, kwa inchi 28 mpaka 36 tafuta cc 90, ukivuka 40, unazungumzia cc 120. Yaani misumeno kama Stihl MS 880, cc 122, au Husqvarna 3120, cc 119. Hiyo ni mizito, inakunywa petroli, na bei yake mtu wa Pemba anaweza kununulia ng'ombe kadhaa na gari lao. Nikaona afadhali nipunguze mashavu ya gogo kwa mkono pale kitakoni, nibaki na baa ya 36 na injini ya cc 90 na kitu.

Nilipata Stihl MS 660 iliyotumika, cc 92 kasoro kidogo, kwa fundi mmoja wa Unguja aliyekuwa anaacha kazi. Ilivuka na meli mpaka Mkoani ikiwa imefungwa ndani ya gunia la karafuu, na mpaka leo ukiipasha moto kifuniko kinanukia karafuu, au labda ni pua yangu tu. Watu wa bara wanaisifu sana ile Stihl 070 ya zamani, cc 106, inayozunguka polepole lakini haina habari ya kuchoka. Nimeishika. Ni farasi kweli. Lakini haina breki ya cheni, na mimi nina watoto.

Ukinunua nakala za Kichina, sikulaumu. Nami nilianzia huko. Ila usiamini cc za kwenye kibandiko. Ule msumeno wangu wa "58" fundi alipoufungua na kupima silinda alicheka, akasema huu haufiki hamsini.

Sasa cheni. Kama kuna sehemu moja ya makala hii nataka uisome mara mbili, ni hapa, kwa sababu cheni mbaya huua msumeno mzuri. Cheni ya dukani imenolewa pembe ya digrii 30 hivi, kwa kukata mti kwa kuupinga. Kwa kupasua, pembe hiyo unaishusha mpaka digrii 10, jino likabili karibu sawasawa, kama meno ya babu. Zipo cheni zinazouzwa tayari hivyo. Kwetu hazipatikani madukani kirahisi, basi unakaa barazani na tupa ya duara na kuigeuza mwenyewe, jino moja moja, kila ukinoa unashusha kidogo. Mimi ilinichukua kunoa mara nne kufika pale. Faida yake ni mbili: ubao unatoka laini, na injini haivutwivutwi huku na huku.

Kuna vipimo viwili vya cheni ambavyo mwenye duka atakwambia "zote sawa tu," nawe usimkubalie. Cha kwanza ni nafasi ya viungo: pima kutoka ribiti ya kwanza, yaani ile pini inayounga viungo, hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Misumeno mikubwa huja na inchi 3/8 au inchi .404, na nafasi hiyo lazima ilingane na sproketi (gurudumu la meno linaloivuta cheni) ya kwenye injini na ile ndogo iliyo kwenye ncha ya baa. Usipolinganisha, cheni haitakaa, kwa hiyo kosa hili hujitangaza lenyewe. Cha pili ndicho kinachodanganya: unene wa ulimi wa cheni unaoingia kwenye mfereji wa baa. Baa yangu ina mfereji wa milimita 1.6. Nilinunua cheni ya 1.5. Iliingia vizuri, ikazunguka vizuri, nikashukuru. Lakini ndani ya mfereji mpana cheni inalala upande, na ubao wangu wa kwanza ulitoka na tumbo katikati kama tanga lililopata upepo. Sehemu moja ya kumi ya milimita, ndugu msomaji.

Tupa yangu ni ya milimita 5.2 kwa cheni ya 3/8. Wengine wanatumia 5.5 na hawajafa. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino liume kiasi gani. Kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kikiwa juu zaidi, jino linapapasa badala ya kula. Kikiwa chini sana, msumeno unarukaruka na fremu inatetemeka mpaka boliti zinalegea. Na meno ya kulia yawe urefu mmoja na ya kushoto, la sivyo mkato unazama upande mmoja na hutajua kwa nini. Mimi sasa nanoa kila baada ya mikato miwili. Dalili yenyewe iko mikononi: ukijikuta unausukuma msumeno, zima, nenda kanoe.

Baadhi ya haya nimeyasoma kwa watu wa Marekani, ambao wanahangaika na mti wao wa mjozi mweusi. Mjozi ni mti wa zile jozi za kula, kokwa gumu ambalo nyama yake imejikunja kama ubongo. Mbao yake ni ya kahawia iliyoiva, karibu rangi ya chokoleti, na huko mtu akiangukiwa na mjozi uani haiti muuza mkaa, anaita mpasuaji. Sijawahi kuugusa. Lakini nilitafuta uzito wake: ukikauka, mita moja ya ujazo ni kilo 610 hivi. Msaji (mtiki) na mwembe haiko mbali na hapo. Basi nikasema, wanayosema kuhusu injini na baa kwa mjozi yananihusu na mimi, kwa sababu upana wa gogo ndio unaoamua kuliko ugumu wake.

Yasiyonihusu ni tabia za miti, maana miti yetu ina mambo yake. Mvule una mawe. Si maneno ya kupamba. Ndani ya mvule, hasa ule ulioumia zamani, hujijenga chokaa ngumu kweli, na jino likikutana nayo unaona cheche mchana. Mara nyingi nyama ya mti inayolizunguka jiwe huwa nyeusi zaidi, kwa hiyo ukiona rangi inabadilika punguza mwendo. Vumbi la mvule nalo si la kuvuta, linawasha ngozi na kubana kifua. Msaji una mchanga wake wa kuzaliwa nao unaolika meno polepole, huuoni wala huusikii. Mfenesi hupasuka vizuri, njano kama manjano ya Darajani, halafu ukikaa hewani unageuka kahawia na mchwa hawaupendi. Ila utomvu! Unaingia kwenye mfereji wa baa, unashika ulimi wa cheni, na oili haipiti tena. Nikipasua mfenesi naiosha cheni kwa mafuta ya taa kila jioni, na mikono naipaka mafuta ya nazi kabla, kama mtu anayetaka kupasua fenesi lenyewe.

Mwembe hauna mawe wala utomvu wa kusumbua. Mwembe una misumari. Mti uliosimama karibu na nyumba miaka sitini umebeba kila kitu: kamba za nguo, pembea za watoto, bango la mgombea, kengele ya madrasa. Ami alinionesha doa jeusi lililoshuka chini ya gome kama wino uliomwagika, akasema hapo pana chuma. Nikachimba kwa patasi nikatoa msumari wa inchi nne, umeoza nusu. Nikajipongeza. Mkato wa tano, palipokuwa hapana doa lolote, tiii, nikapoteza meno kumi na mbili kwa pamoja. Ilikuwa ndoano ya taa ya karabai. Bibi akasema aliitundika marehemu mume wake, harusi ya shangazi.

Kuhusu oili nitasema mambo mawili. La kwanza ni oili ya petroli: changanya moja kwa hamsini kama una oili nzuri maalumu ya misumeno, yaani mililita 100 kwa lita tano. Kwa oili ya kawaida ya pikipiki za mchanganyiko, wenye Stihl wanasema moja kwa ishirini na tano. Na kwa kupasua, fungua kidogo ile skrubu ya kabureta iliyoandikwa H ili injini ipate mafuta zaidi, maana mafuta hayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Ile sauti ya mbu niliyoifurahia ilikuwa kilio cha injini inayokauka. Mkato ukiisha, usizime papo hapo; iache inguruma taratibu nusu dakika ipoe.

La pili ni oili ya cheni. Pampu ya msumeno haitoshi kwa baa ndefu. Oili inaishia katikati na ncha inaungua mpaka chuma kinabadilika rangi ya buluu. Wenzetu wananunua kitangi cha ziada cha kufunga kwenye ncha. Mimi nimefunga chupa ya maji juu ya fremu na kimpira cha dripu cha hospitali, kile chenye kigurudumu cha kurekebisha matone. Matone mawili kwa sekunde, unafungua mkato ukianza, unafunga ukiisha. Watu wakipita wanauliza mgonjwa anaendeleaje. Ila tafadhali, usitie oili chafu ya gari. Ni nyepesi, imejaa unga wa chuma unaokula mfereji, inarukia mbao, na nusu yake inaingia ardhini hatua chache kutoka kisimani.

Kibali sasa. Zanzibar ina Sheria ya Misitu, namba 10 ya mwaka 1996, na mti kuwa wako, au kuanguka wenyewe, hakukupi ruhusa ya kuukata na kuusafirisha unavyotaka. Nenda Idara ya Misitu kabla hujanoa, waulize habari ya mti na ya msumeno wenyewe pia. Mimi nilisubiri kama wiki mbili. Wakati huo nilipaka rangi ya mafuta vichwa vyote viwili vya gogo lisipasuke, kwa sababu mwembe mbichi ukiachwa hovyo unaingia ukungu wa buluu na wadudu kabla hujarudi na karatasi.

Siku ya kazi tulikuwa wanne. Tuliinua upande wa panda kwa magogo madogo ili msumeno uteremke, uzito wake uusaidie badala ya mgongo wangu. Mkato wa kwanza hauna pa kutelezea, kwa hiyo tulipigilia mbao mbili zilizonyooka juu ya gogo kama reli, tukazisawazisha kwa pimamaji; ukikosea hapo, kosa linarithiwa na mbao zote zilizo chini. Kabari tulizitia kila futi mbili ili ubao usikalie baa. Kila mkato ulikula dakika kumi na mbili na tangi zima la petroli kasoro kidogo.

Nilipasua inchi mbili na nusu. Watu walinishangaa, wakitaka inchi moja zipatikane nyingi. Piga hesabu: njia ya cheni ni milimita 8 au 9. Ukipasua inchi moja, katika kila nne ulizostahili kupata, moja inaondoka kuwa unga. Kama una kazi ya mbao nyembamba, peleka gogo kwenye mashine ya msumeno wa ukanda, ambayo njia yake ni milimita mbili tatu. Msumeno wa moto ni kwa mapana: meza, vizingiti, milango, na kwa gogo ambalo gari la ng'ombe halilifikii.

Mikato tisa, mbao nane, mabanzi mawili. Nilipozigeuza ile ya katikati, upana wote wa sentimita 79, ilikuwa na michirizi myeusi inayopindapinda kama ramani ya vijito, na pembeni tundu la ile ndoano. Tulizipanga chini ya banda la makuti na vijiti katikati, mawe juu, pande zote wazi kwa upepo wa kusi. Wamarekani wanasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa unyevu wa kisiwani, sina haraka.

Siku ya tatu akaja fundi chombo, muunda mashua, kutoka pwani, amesikia habari za mwembe. Nikampeleka bandani kwa fahari, nikamfunulia mbao. Akazigonga kwa kidole, akasema mashallah, kisha akanipita akaenda kule nyuma ya choo tulikotupa matawi. Akayazunguka mara mbili. Akatoa kipande cha mkaa mfukoni na kuanza kutia alama kwenye viwiko, pale tawi linapopinda, moja, jingine, jingine, akipima kwa shibiri.

"Haya ni mataruma, mbavu za chombo," akasema. "Nani alitaka kuyachoma?"

Nikamuuliza kama anataka nimkatie kwa msumeno wangu. Akautazama, baa ya inchi 36, chupa ya maji na mpira wa dripu.

"Acha tu, mwanangu," akasema. "Nimekuja na shoka."